Aproni Nyeupe ya Mzee Gatimu

Tulipoachana wiki jana, mkono wa Mzee Kingori ulikuwa umeingia ndani ya jeneza kunyoosha tai ya marehemu, na ukakwama. Leo umetoka, na haukutoka mtupu.

Umetoka na aproni. Ni nyeupe, ya ngozi ya kondoo, safi kama kitu kilichovaliwa mara moja kikafichwa. Kingori, mzee wa kanisa na rafiki wa marehemu tangu ujana, aliishika kwa vidole viwili akainyanyua juu, mpaka walioketi nyuma kabisa ya hema wakaiona.

"Watu wa Mukurweini," akasema, "hii kitu mnaijua?"

Walioijua walinyamaza. Wasioijua waliwatazama walioijua, na hiyo ikawatosha.

"Basi mimi naijua. Babu yangu alikuwa anakata nyasi kwa ile nyumba ya mawe huko Nyeri taoni. Alituambia wazungu walikuwa wanajifunga hii kwa kiuno ndio waingie. Hii ni nguo ya Frimasoni." Akaigeuza upande wa pili. "Nimekaa na Gatimu kwa benchi moja ya kanisa maisha yangu yote. Na iko hapa kwa kifua yake."

Hema zima lilinong'ona. Ingekuwa afadhali wangepiga kelele.

"Nani aliiweka?" akauliza Kingori.

"Mimi," akasema Watiri.

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, Watiri ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu, na ndiye wa pekee aliyebaki. Anauza ndizi kwa jumla katika soko la Karatina, ana ulimi mkali unaojulikana na madalali wote, na hapa duniani hakuna mtu aliyempenda kama baba yake. Gatimu naye hakumwita kwa jina. Alimwita "mama", kwa sababu Watiri ni jina la mama mzazi wa Gatimu, na huku kwetu milimani mtoto akibeba jina la mtu huitwa kama mtu huyo.

"Aliniomba azikwe nayo," Watiri akasema. "Alikuwa kwa kitanda, hawezi hata kushika kikombe. Ningemkatalia?"

"Ungetuuliza sisi."

"Mngesema nini?"

Kingori aliiachia ile aproni ikaanguka kwenye nyasi, na watu wa mstari wa mbele wakarudisha miguu nyuma. Watiri aliinama akaiokota, akaikunja, akaiweka kwapani. Tangu hapo hakuna aliyemkaribia.

Pasta alifunga Biblia. Ni kijana mwenye adabu, na kwa adabu yake alimwambia Watiri kwamba kanisa lina utaratibu, kwamba atamkumbuka katika maombi, na kwamba gari lake limefungiwa njia, tafadhali mwenye ile pikapu aisogeze. Pikapu ikasogezwa. Kwaya ikamfuata pasta, na vipaza sauti vikafuata kwaya.

Halafu akina mama wakaenda jikoni kuchukua sufuria zao.

Hapa nieleze kidogo. Katika vijiji vyetu hakuna nyumba yenye sufuria za kulisha watu wa mazishi. Sufuria ni za kikundi cha akina mama, zimeandikwa jina la kikundi kwa rangi nyekundu chini ya kitako, na huja na kikundi na kuondoka na kikundi. Wali ulikuwa umeiva. Kabeji ilikuwa imeiva. Mchuzi wa nyama ulikuwa bado unatokota.

"Tutamwaga wapi?" akauliza mmoja wao, bila ukali wowote.

Phyllis, jirani wa upande wa chini, ndiye pekee kati yao aliyebaki. Alikata majani ya mgomba, akayatandaza kwenye nyasi, na wali ukamiminwa juu yake, ukifuka moshi. Nyama ikamiminwa kando. Mchuzi ulitiririka hadi kwenye kamba za hema.

Watiri hakuwa amelia tangu baba yake akate roho. Alilia hapo, mbele ya wali. Mimi nimehudhuria matanga mengi, msomaji wangu, na sijawahi kuona chakula cha marehemu kikimwagwa chini huku mwenye msiba akitazama.

Waliobaki hawakubaki kwa huruma. Walibaki kando ya ua, simu mkononi, wakizungumza. Na mazungumzo yote yalikuwa juu ya mtoto mmoja.

Mtoto mwenyewe ni Mwai, mdogo wake Watiri. Alifariki zamani, bado akiwa wa shule ya msingi, kwa homa iliyompanda asubuhi ikamwangusha jioni. Kijiji kilimlilia kikamsahau. Leo kijiji kimemkumbuka.

"Ati homa," mtu akasema. "Mtoto anacheza Ijumaa, Jumamosi amekufa. Hiyo ni homa gani?"

"Na baba yake baada ya hapo akajenga hii nyumba yake ya mawe."

"Si alikuwa meneja ya kiwanda ya kahawa? Meneja hujenga."

"Wewe endelea kumtetea tu."

Neno kafara halikutajwa kwa sauti, ila lilikuwa limeshafika kila pembe ya boma.

Ile nyumba ya mawe ya Nyeri taoni, mnaijua hadithi yake jinsi tulivyosimuliwa sote. Waliijenga wazungu wenye mashamba, kabla ya vita vya msituni vya kudai uhuru. Haikuwa na kibao. Siku za mkutano wapishi na watunza bustani walifukuzwa, na mmoja aliyechelewa kuondoka akaapa kwamba alimwona mtu mlangoni na upanga. Habari za upanga huo zilipofika Othaya, ulikuwa tayari na damu. Watoto waliokwenda mjini waliambiwa wavuke barabara wasiikanyage hata nyasi yake. Uhuru ulipokuja wazungu waliuza mashamba wakaenda, nyumba ikabaki, na waliobaki nayo wakaanza kualika Wahindi, kisha Waafrika wakubwa wakubwa: wanasheria, madaktari, maofisa. Mtu wa kijijini kualikwa lilikuwa jambo ambalo halijatokea. Gatimu alikuwa wa kwanza kutoka upande huu, na hakumwambia mtu yeyote.

"Watiri," Phyllis akamnong'oneza, "mama yako amejifungia kwa jikoni ya zamani. Ameniambia hatoki."

Wangui, mjane wa Gatimu, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lisilo na moto. Alikuwa amevua viatu vya mazishi, amevipanga kando. Watiri alichuchumaa mbele yake, akamwita kwa neno letu la "mama".

"Maitu, twende. Mvua inakuja."

"Aliingia lini?"

"Maitu..."

"Nimekuuliza kitu moja tu. Aliingia hiyo vitu yao kabla Mwai akufe, ama baada?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na kijiji kizima kilikuwa nalo. Kama ni baada, Gatimu alikuwa mwanamume aliyefiwa na mtoto akatafuta faraja mahali pabaya. Kama ni kabla, alimuuza.

"Nimelala na huyo mtu kwa kitanda moja," Wangui akasema. "Nimemfulia. Juzi nilikuwa namlisha uji na kijiko. Sasa niambie, ikiwa ni kabla, sitashika udongo yake. Na mimi nisiposhika, unajua hakuna mtu mwingine atashika."

Ni kweli. Huku udongo wa mjane ndio hutangulia. Asipoutupa, hakuna ndugu wala jirani atakayethubutu kutupa wake, na maiti itakaa pale ikisubiri huruma ya watu wa kaunti.

Watiri alilijua jibu. Alikuwa amelijua tangu akiwa msichana mdogo, kwa sababu siku ile alikuwa nje ya ule mlango. Na jibu la kweli lilikuwa baya kuliko kabla. Lilikuwa siku ile ile.

"Ni baada, maitu," akasema. "Mwai alikuwa ameshaenda. Aliniambia mwenyewe."

Wangui alivuta viatu vyake, akavivaa kimoja kimoja, akamnyooshea Watiri mkono amwinue.

Wakatoka pamoja. Wambugu, mwenye bodaboda aliyechimba kaburi, alikuwa ameketi juu ya kichuguu cha udongo na jembe lake. Wenzake walikuwa wameondoka.

"Mimi nilichimba," alimwambia Watiri, "na mimi nitafukia. Hiyo ingine si maneno yangu."

Watiri alihisi kifua kikifunguka kidogo. Mama alikuwa anatembea. Uongo wake ulikuwa umefanya kazi. Hatua chache zaidi na baba yake angelala chini kama watu wengine.

Hapo ndipo gari jeusi lilipoingia langoni.

Alishuka mzee mrefu mwembamba, suti nyeusi, glavu nyeupe mikononi. Alikuwa ameshika tawi bichi la mgaa, lenye miiba yake. Watu wa kando ya ua walijikunyata pamoja, na simu zote zikainuka.

"Poleni," alisema mzee, kwa Kiswahili cha watu wa ziwa. "Naitwa Omondi. Nilikuwa inspekta wa polisi hapa Nyeri. Nimesikia tangazo kwa redio nikaona siwezi kukosa kumzika ndugu yetu. Sisi tukizika mwenzetu tunamwekea tawi bichi. Hakuna ubaya ndani yake."

Kisha alimwona Watiri na ile aproni kwapani. Alisita.

"Pole sana, msichana," akasema.

Watiri ana zaidi ya miaka arobaini na anafuga nywele zenye mvi. Hakuna anayemwita msichana. Aliitambua sauti kabla ya uso.

Lakini Wangui alikuwa wa kwanza kusema.

"Wewe ni mmoja wao."

"Ndiyo, mama."

"Basi utaniambia. Bwana yangu aliingia kwenu lini?"

Watiri alitaka kuinua mkono, apige yowe, afanye chochote. Alichelewa.

"Siku ile mlipofiwa na kijana, mama," Omondi akasema taratibu, akidhani anafariji. "Jumamosi ile ile ndiyo tulimpokea. Hakurudi tena hata siku moja. Hiyo aproni aliivaa mara moja tu."

Kando ya ua watu waliguna kwa pamoja.

"Siku ile ile," Kingori akarudia. Alikaa chini kwenye kiti cha plastiki kama mtu aliyechoka. "Woi, Gatimu. Siku ile ile."

Wangui alikuwa amekwisha kuuachia mkono wa bintiye.

"Umenidanganya," alimwambia. "Kwa kaburi ya baba yako."

Sasa, Watiri alikuwa na siri moja tu maishani. Alipewa utotoni akaambiwa aibebe, naye aliibeba bila kuinung'unikia. Aliitoa hapo, mbele ya simu zote.

"Si kafara," akasema. "Sikilizeni. Mimi nilikuwa hapo. Maitu, ile siku ulinituma nikamtafute baba, unakumbuka? Barabara ilikuwa matope, hakuna gari inashuka huku, ni pikapu ya kiwanda pekee ingeweza kupanda ule mlima na Mwai. Nilienda kwa miguu hadi lami, nikapata lori ya mkaa. Nilizunguka Nyeri yote. Nikaona pikapu imesimama nje ya nyumba ya mawe, nikagonga."

"Uligonga," Wangui akasema.

"Nikagonga. Huyu ndiye alifungua." Alimwelekezea Omondi kidole. "Alikuwa na hizo glavu. Nikamwambia, niitie baba, mtoto ni mgonjwa. Akaniambia, ngoja hapa, msichana. Akanipatia mandazi. Nikakaa kwa ngazi. Nilikaa hapo mvua ikaanza na ikaisha, na mlango haikufunguliwa."

Omondi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Baba hakujua. Alipotoka akanikuta, alilia. Kwa gari akaniambia, mama, yule polisi hakuniletea habari. Alisahau. Lakini tukisema, atafutwa kazi, na ako na watoto wadogo. Wewe ni msichana mkubwa. Tumbebee." Alimgeukia mama yake. "Tukafika hapa tukapata watu wanalia. Ndio tukasema nilichelewa njiani. Nikabeba. Ulinichapa na mwiko, maitu, hadi ikavunjika, na nikanyamaza. Kwa sababu yake. Kwa hivyo msiseme baba aliuza mtoto. Baba alikuwa amefungiwa mlango, na mwenye alimfungia ni huyu."

Kando ya ua watu walianza kubadilisha mawazo. Watiri aliliona hilo. Alimwona Kingori akiinua uso. Alimwona Phyllis akifuta macho kwa leso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kijiji kilikuwa upande wake, na aliona aibu kwamba alifurahi.

"Mzee," Kingori akamwambia Omondi, "hiyo ni kweli?"

Omondi alivua glavu. Alivua ya kulia, kisha ya kushoto, akaziweka mfukoni.

"Mimi sikuwa na watoto," akasema. "Wakati ule sikuwa hata nimeoa."

Watiri hakuelewa mara moja.

"Kazi yangu ilikuwa mlango," Omondi akaendelea. "Kila loji, yaani nyumba yetu ya mikutano, ina mlinzi wa nje. Mgeni wa kupokewa hafiki ndani hivi hivi. Naachiwa mimi kwanza, kwa kachumba kadogo hapo mlangoni, namtayarisha. Anafungwa kitambaa machoni, suruali inakunjwa goti moja. Anangoja kuitwa. Ulipogonga, msichana, baba yako alikuwa bado hajaingia. Alikuwa na mimi kwa hako kachumba. Kati yenu kulikuwa na mbao tu."

"Unadanganya."

"Aliisikia sauti yako. Sikuhitaji hata kumwambia, lakini nilimwambia. Nikamwambia, bwana, binti yako yuko nje, anasema mtoto ni mgonjwa. Toa kitambaa uende, hawa watu watakungoja hata mwezi ujao, si kitu. Sheria yetu inaruhusu. Familia ya mtu inakuja kwanza, hata ndani tunafundishwa hivyo."

"Unadanganya," Watiri akarudia, chini zaidi.

"Akaniuliza ndani kuko nani na nani. Nikamwambia: hakimu, daktari mkuu, wazungu wawili wazee. Akasema, hao watu nitawaonaje nikitoka hivi? Akasema ni homa tu, mama yake huogopa haraka." Omondi alitazama ile aproni. "Kisha akasema, mwambie angoje."

Simu moja kando ya ua ilishushwa.

"Ningemtoa kwa nguvu. Nimefikiria hiyo kila siku. Nilikutafutia mandazi badala yake. Tulipomaliza, alitoka akakuona pale kwa ngazi ukiwa umelala, akarudi kwanza ndani kuniomba nisiseme alijua. Sikujua alikuambia nini kwa gari. Kama ningejua alikubebesha jina langu, ningekuja hapa zamani."

Watiri alitazama jeneza. Kifuniko kilikuwa bado wazi upande wa kichwa, na uso wa baba yake ulikuwa umetulia, pua ile ile, nyusi zile zile. Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha pikapu. Huyu ndiye aliyemnunulia kibanda cha kwanza sokoni. Kila alipokuwa mgonjwa alimwita yeye, si mama, na wakikaa peke yao alikuwa akisema, mama, sisi wawili tunajua kubeba. Alikuwa amejivunia maneno hayo tangu akiwa mtoto. Alikuwa ameyafanya kuwa nyumba yake.

Moyo ulimuuma. Sina namna nyingine ya kuliandika.

"Watiri." Ilikuwa sauti ya mama yake. "Ulifika kabla ya mvua?"

"Kabla, maitu."

"Mvua ilipoanza Mwai alikuwa bado anaongea." Wangui alisema hivyo akiangalia mikono yake. "Aliniuliza, Watiri amefika wapi? Nikamwambia, anacheza kwa soko, huyo. Nikamwambia hivyo. Akakufa akijua unacheza."

Watiri aliibana ile aproni kwapani.

"Kwa hivyo ulifika," Wangui akasema. "Hii miaka yote. Ulikuwa umefika." Alimshika uso kwa viganja vyote viwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaupapasa kana kwamba anautafuta ule wa mtoto wa darasa la sita. "Na mimi nikakuvunjia mwiko. Na baba yako amekaa hapo kwa kiti, anaangalia."

"Alitoka nje," Watiri akasema. "Alienda kwa ng'ombe."

Walisimama hivyo, mama na binti, mpaka matone ya kwanza yakaanza kupiga turubai la hema. Kingori alikohoa. Alikuwa amevua kofia.

"Mama Watiri," akasema, "mimi nimekosa, nimesema kitu kubwa mbele ya watu. Haikuwa kafara. Ilikuwa tu..." Alitafuta neno.

"Ilikuwa kiburi," Wangui akamalizia. "Kiburi yake naijua, nimekaa nayo. Hiyo naweza kuzika."

Aliinama kwenye kichuguu, akajaza kiganja udongo mwekundu. Alikuwa ametaka kujua jambo moja tu, kama mumewe alimuuza mtoto wao, na alikuwa amejibiwa. Jibu lilikuwa chungu, ila lilikuwa la binadamu.

"Wambugu, ita wengine wakusaidie. Funga sanduku, mshushe. Watiri, weka hiyo nguo yake ndani, kama alivyotaka. Tumzike tuingie kwa nyumba."

Wanaume wanne walitoka kando ya ua. Phyllis alianza kuimba wimbo wa mazishi peke yake, kwa sauti ndogo, na sauti mbili tatu zikamjibu. Akina mama wawili walirudi kutoka barabarani na sufuria zao kichwani, wakasimama langoni wasijue waseme nini. Kila kitu ambacho Watiri alikuwa amekipigania tangu asubuhi kilikuwa kinakuja chenyewe.

"Ngojeni," Watiri akasema.

Wambugu alisimama na kamba mkononi. Wimbo ukakatika.

Watiri alimgeukia Omondi. Aliongea kwa utulivu, jinsi anavyoongea na madereva wa malori asubuhi sokoni.

"Ile nyumba bado iko?"

"Iko."

"Na ule mlango?"

"Ni ule ule. Tumebadilisha kufuli tu." Alimtazama kwa wasiwasi. "Funguo ninayo mimi, msichana. Tumebaki wachache."

"Na kale kachumba?"

Omondi aliitikia kwa kichwa.

"Nipeleke. Nataka kuingia. Nataka kusimama pahali alikuwa amesimama, nione ni umbali gani hadi kwa ngazi."

"Leo?"

"Sasa hivi."

"Watiri," mama yake akasema, udongo ukiwa bado kiganjani, mvua ikiulowesha na kuutiririsha mwekundu kati ya vidole vyake. "Watu wamesimama. Sanduku iko wazi. Na baba yako?"

Watiri alikuwa ameshafungua mlango wa gari jeusi. Aliketi, akaitandaza ile aproni nyeupe mapajani, akaufunga mkanda. Alimtazama mama yake kupitia dirishani, na macho yake yalikuwa makavu.

"Mwambieni angoje," akasema.